La Traviata hapa Lushi: nani alienda kuangalia?

Mwana_Katuba: Jambo bandugu, kuko kundi moja ya hapa Lubumbashi inafanya La Traviata, opera (mchezo wa kuimba) ya Verdi, mwenzangu wa korali anasema niende lakini mi naogopa, banaimba mu kitaliano tangu mwanzo mupaka mwisho, nitasikia nini? Si nitalala tu mu kiti?

Mama Bea: Yaya enda tu. Habari yenyewe ni ya kwetu kabisa, baba ya kijana anakuya kwa Violetta, mupenzi wa kijana, anamuomba aache mutoto wake juu dada ya kijana anataka kuolewa, jina ya jamaa itaharibika. Nani hajaona ile mu kartie? Mi nililia pale kuliko mu mwisho, kifo ya Violetta ya kifua kikuu tulikuwa tunaiona inakuya.

kibanda12: Orkestra hakuna, ni piano moja 😂 lakini ule mama wa Violetta, aah sauti!

Muzee wa Kenya: Musicheke. Mu 1853 kule Venice, opera hii ikiimbwa mara ya kwanza, batu balicheka muimbaji wa Violetta, eti munene sana kwa mugonjwa wa kifua. 1854, muji ile ile, bakapiga makofi.

Mwana_Katuba: Basi naenda na bibi. Akilala ni makosa yenu.