Naomba ushauri: kadi ya maua yaliyoinuka inanishinda

Habari zenu wadau. Natengeneza kadi ya pongezi yenye ua lililoinuka. Nagonga muhuri uleule wa mpira mara nne kwenye karatasi nzito, nakata kila nakala ndogo kuliko iliyotangulia, kisha nazipandanisha kwa vipande vya sponji yenye gundi pande mbili, unene milimita 2. Nikipaka rangi ya maji, mistari ya muhuri inavuja na kuchafua petali zote, hata nikisubiri wino ukauke. Nitumie wino gani? Pia tabaka la juu linabonyea katikati. Gundi ya maji nilijaribu, karatasi ikajikunja kama jani kavu! Na bahasha je? Kadi imenenepa, haiingii.