Miwani ya baba imemkataa baada ya sukari kushuka: naomba ushauri

Mleta mada: Habari zenu wakuu. Baba yangu, mwenye miaka 61, aligundulika kuwa na kisukari mwezi wa nne, sukari ikiwa 19. Wiki hiyohiyo alitengenezewa miwani ya kuonea mbali, akawa anasoma vibao vya daladala akiwa ng'ambo ya barabara. Sasa, baada ya wiki sita za metformin, dawa ya kushusha sukari, sukari ya asubuhi ni 7, lakini miwani ileile inamtia ukungu, na simu aliyokuwa akiisoma bila miwani anaisogeza mpaka mkono unaishia. Anasema dawa zinamharibu macho na anataka kuziacha.

Fundi Miwani: Ndugu, asiache dawa. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu. Hulishwa na maji yanayoizunguka, na glukosi, yaani sukari ya damu, huingia humo bila kungoja insulini. Sukari inapozidi, kimeng'enya kinachoichoma kwa ajili ya nishati huelemewa, na ziada hugeuzwa kuwa sorbitoli, ambayo hutoka kwenye seli kwa shida na huvuta maji. Mtafiti Ruth van Heyningen aliikuta sorbitoli hiyo kwenye lenzi za panya wenye mtoto wa jicho mwaka 1959. Baba yako alipimwa lenzi ikiwa imebadilika. Sasa inarudi ilivyokuwa, na kipimo kile hakimfai tena. Aliyempima siku ile angemwambia asubiri. Apimwe upya sukari ikishatulia kwa wiki kadhaa.

Bibi wa Pwani: Naongeza jambo, kwa sababu panya si mtu: lenzi yetu ina kimeng'enya kinachotengeneza sorbitoli kwa uchache kuliko yao. Kwa wazee naogopa zaidi sukari inayojibandika kwenye protini, kwani zile za kiini cha lenzi zilitengenezwa kabla hatujazaliwa na hazibadilishwi, basi hukusanya madhara ya miaka yote, zikawa za manjano na kushikamana. Ndiyo maana mwenye kisukari hupata mtoto wa jicho mapema. Msinunue matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho. Tiba yake ni upasuaji. Na achunguzwe retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, hata kama anaona vizuri.

Mleta mada: Ahsanteni sana, na shikamoo Bibi. Nimemsomea yote, dawa ya jioni ameinywa, ila amenuna kwa ajili ya hela ya miwani.