Neno "normal" kila fani ina lake: ni ukoo mmoja au majina yamegongana tu?

KalamuNyekundu

Wakuu salaam.

Kazi yangu ni kupitia tafsiri za masomo ya video kabla hazijapandishwa. Wanaotafsiri ni wengine, mimi nakuja nyuma yao na kalamu. Kuna neno moja la Kiingereza linanitoa jasho: normal. Litoke kwenye fizikia, kemia, takwimu au kompyuta, likifika kwangu limeshavikwa "kawaida", na mara nyingi sentensi yenyewe haina kichwa wala miguu.

Hii niliyonayo mezani ni ya somo la michoro ya kompyuta ya pande tatu. Mtafsiri kaandika: "Kila uso una kawaida yake, na mwanga hupimwa dhidi ya kawaida hiyo." Ikabidi nifungue video yenyewe. Mwalimu anaonyesha mpira uliojaa vijishale vilivyosimama kama miba ya nungunungu, kila kimoja kimechomoza moja kwa moja kutoka kwenye ngozi ya mpira. Hivyo vijishale ndivyo normal. Ukawaida uko wapi hapo?

Kwenye fizikia nako, kitabu kimelazwa juu ya ubao ulioinamishwa, na ubao unakisukuma kwa kani inayoitwa normal. Tafsiri: "kani ya kawaida". Mwanafunzi mwenye akili atauliza, kwani ile ya msuguano ina kasoro gani?

Naomba mwongozo. Hizi maana zina asili moja? Na nitajuaje wapi "kawaida" inakaa na wapi haikai? Kamusi ninazo, msinirudishe huko, zote zinaanza na "kawaida" na nyingine zinaishia hapo hapo.

Mzee wa Zamu

Mkuu unajitafutia presha bure. Normal ni kawaida. Weka kawaida, mwanafunzi ataelewa mbele ya safari.

MwalimuPembetatu

Mzee wa Zamu, hapo nakukatalia. Nafundisha hesabu, na hao wanaoachwa waelewe mbele ya safari ndio wanaoletwa kwangu.

Kalamu, asili ni moja, ila wengi wanaipanga kinyumenyume. Wanadhani maana ya kwanza ni "kawaida" na wanasayansi wakaja kuipindisha. Norma kwa Kilatini ni skwea ya seremala, kile kifaa chenye umbo la L cha kuhakikisha kona ina nyuzi 90. Normalis ni kitu kilichokaa sawa na skwea hiyo. Kiingereza kilianza kulitumia neno kwa maana hiyo ya pembe mraba kwenye karne ya 17. Matumizi ya "jinsi mambo yalivyo siku zote" yalikuja kushamiri karne ya 19. Kwa hiyo vijishale vyako na kani ya ubao ndio wazaliwa wa kwanza, na kawaida ni kitinda mimba.

Katikati kuna hatua moja ambayo watu huiruka. Waroma wenyewe walishaanza kuita norma kanuni au kielelezo chochote cha kufuatwa, si kile chuma tu. Hapo ndipo zilipotokea shule za walimu zinazoitwa normal. Ufaransa walianzisha École normale mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi, mahali pa kuwapa walimu kielelezo cha namna ya kufundisha. Marekani nao wakaiga, mpaka kuna mji kule Illinois unaitwa Normal. Ulichukua jina hilo mwaka 1865 kwa sababu ya chuo cha ualimu kilichokuwa hapo. Nilishaona tafsiri iliyosema bibi mmoja "alisoma shule ya kawaida", wakati alisomea ualimu.

(Hata enormous ni wa ukoo huo: kitu kilichotoka nje ya kipimo.)

Kwa hiyo ukikutana na normal, jiulize imetoka kwenye hatua ipi: skwea, kanuni, au mazoea. Hisabati yenyewe inazitumia zote bila aibu. Kwenye jiometri ni skwea tupu. Kwenye nadharia ya namba kuna "namba normal", wazo la mwanahisabati Mfaransa Émile Borel la mwaka 1909: tarakimu zake zinajitokeza kwa usawa, 7 haimzidi 3, na kila mfuatano wa tarakimu mbili, tatu au zaidi unapata mgao wake. Ukiandika 0.123456789101112 na kuendelea hivyo milele, imethibitishwa tangu 1933 kwamba hiyo ni normal. Karibu namba zote halisi ziko hivyo, lakini pai, ambayo kila mtoto wa shule anaijua, hakuna aliyeweza kuithibitisha mpaka leo.

Kwenye takwimu ndiko neno lilikofanya uharibifu. Ule mchoro wa kengele (vipimo vingi vimejaa katikati na kupungua pande zote mbili) ulijulikana kabla ya kupewa jina hili. Mwanahisabati De Moivre aliufikia mwaka 1733, na mwanahisabati mwingine, Gauss, akautumia mwaka 1809 kueleza makosa ya vipimo vya wanaastronomia. Jina la normal lilisambazwa sana na mtakwimu Karl Pearson, na mwaka 1920 yeye mwenyewe aliandika kwamba lina ubaya wake, maana linawafanya watu waone migawanyo mingine yote kuwa ina hitilafu. Na kweli. Kipato cha watu hakifuati kengele, ukubwa wa miji haufuati, na hakuna kilichoharibika. Mimi huandika "mgawanyo wa kengele" nikaendelea na somo.

DamuNaMkojo

Mwalimu kamaliza upande wake, mimi niko maabara ya hospitali, nisemee huku.

Huku normal zinakutana mbili ndani ya chupa moja na hazisalimiani. Dripu ya normal saline ina chumvi gramu 9 kwa lita, yaani asilimia 0.9. Sasa mkemia akisikia mmumunyo wa chumvi ya mezani ulio normal, anaelewa wa nomaliti 1 (kipimo cha wakemia, nitakieleza chini), ambao ni takribani gramu 58.4 kwa lita. Hiyo ni zaidi ya mara sita! Kamwe usimwekee mgonjwa. Kwa hiyo mtafsiri akiona normal mbele ya saline, aandike "maji ya chumvi ya asilimia 0.9" na aishie hapo. Namba haikosewi maana.

Na hata huo unormali wa dripu ni wa kuombwa. Kloridi ndani yake ni milimoli 154 kwa lita, wakati kwenye damu ya mtu mzima mwenye afya inacheza karibu na 100. Ndiyo maana akimiminiwa nyingi, damu yake huelekea kuwa na tindikali zaidi.

Nomaliti yenyewe ya wakemia ni kipimo kinachohesabu uwezo wa kutenda. Asidi ya salfa ya moli 1 kwa lita ni nomaliti 2, kwa sababu kila molekuli ina protoni mbili za kutoa. Ukibadilisha mmenyuko, namba inaweza kubadilika ingawa chupa ni ile ile. Wengi siku hizi wanapendelea moli tu.

Ila linaloniudhi hasa ni ile safu ya "normal" kwenye karatasi za majibu. Mara nyingi mipaka ile hupatikana kwa kupima watu wenye afya, kisha kuchukua asilimia 95 ya katikati. Maana yake katika kila watu 20 wenye afya kamili, mmoja yuko nje ya mipaka tangu mwanzo. Sasa mpime mtu mmoja vipimo 20 visivyohusiana, uwezekano wa kupata angalau kimoja chenye nyota pembeni ni kama asilimia 64. Anakuja dirishani karatasi inatetemeka mkononi, "mimi si normal?" Kwetu tulishabadilisha tukaandika "mipaka ya marejeo". Maswali yamepungua, hayajaisha.

KalamuNyekundu

Shukrani sana. Hiyo ya skwea, kanuni na mazoea naibandika ukutani.

DamuNaMkojo, umenikumbusha somo la dripu nililolipitisha likiwa na "chumvi ya kawaida". Nalirudisha sasa hivi.

Imebaki moja: "Hakikisha jedwali liko katika hali ya kawaida ya tatu." Ya kwanza na ya pili ni zipi, na jedwali linaumwa nini?

mabano_yaliyofungwa

Hahaha. Hiyo ni yetu watu wa kanzidata, yaani majedwali ya data kwenye kompyuta. Ni kanuni, hatua ya pili ya Mwalimu. Mtaalamu wa kompyuta Edgar Codd aliianza kwenye makala yake ya mwaka 1970, kisha akaongeza ngazi nyingine. Chukua jedwali la maagizo: kila mstari una namba ya agizo, namba ya mteja, jina la mteja, simu ya mteja. Mteja akiagiza mara hamsini, simu yake imeandikwa mara hamsini. Akibadilisha laini, ukasahihisha mistari 49, tayari una mteja mwenye simu mbili na hujui ipi ya kweli. Ngazi ya tatu inakataza hilo: simu inamtegemea mteja, haitegemei agizo, basi ihamie kwenye jedwali la wateja. Mimi ningeandika "umbo sanifu la tatu". "Hali" inaleta picha ya mgonjwa.

Na mpira wako wa vijishale: hivyo vijishale huwa vinahifadhiwa kama picha. Nyekundu inabeba kulia na kushoto, kijani juu na chini, bluu inabeba kutoka nje. Sehemu iliyo bapa kishale chake kinatoka nje moja kwa moja, basi rangi yake inakuwa 128, 128, 255 (nyekundu na kijani nusu, bluu kamili). Ndiyo maana nyingi ya zile picha zina ile bluu ya zambarau. Ukiona mtafsiri kaandika "ramani ya kawaida" kuhusu picha ya zambarau, ujue ni hiyo.

Nyongeza ya bure: kwenye kihariri cha maandishi cha Vim ukikifungua uko kwenye modi ya normal, ambayo ukibonyeza herufi haiandiki. Ukibonyeza d mara mbili, mstari mzima unafutika. Hiyo hata skwea haiisaidii.

Mzee wa Zamu

Haya nimesalimu amri. Ila nami nina ya kwangu, nilisoma uchumi. "Faida ya normal" kwa mchumi ni pale biashara inapolipa gharama zote, pamoja na kile ambacho mwenye mtaji angepata kwingine. Kwenye hesabu za mchumi hiyo faida ni sifuri. Mweleze mfanyabiashara kwamba faida ya kawaida ni sifuri uone atakavyokutazama.

KalamuNyekundu

Mzee karibu upande wetu.

Nimesahihisha ile ya kwanza hivi: "Kila sehemu ya uso ina mshale ulio wima juu yake, na mwelekeo wa mwanga hupimwa dhidi ya mshale huo." Inapita?

MwalimuPembetatu

Inapita isipokuwa "wima". Wima ni kuelekea juu, kama timazi inavyoonyesha. Ubavuni mwa mpira mshale umelala, na kwenye ule ubao ulioinama unaelekea pembeni. Andika "mshale uliokaa pembe mraba na uso". Kwenye fizikia pia, "kani ya pembe mraba", maana wakiweka wima watasahau kuzidisha uzito kwa kosini ya mwinamo, na hao nao wataletwa kwangu.