Naomba ushauri: mbwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo na figo hataki kula

Ndugu wanakikundi, salamu kwenu. Naomba ushauri kuhusu mbwa wetu wa aina ya Maltese, jike wa miaka 13 mwenye kilo 4, ambaye daktari wa mifugo alimkuta na valvu ya moyo inayovuja, na sasa vipimo vya damu vinaonyesha kwamba figo nazo zimeanza kudhoofika. Anatumia pimobendan (dawa ya kuusaidia moyo kusukuma damu) na furosemide (dawa ya kukojoza) asubuhi na jioni. Kikohozi cha usiku kimepungua, na akilala huvuta pumzi chini ya mara 30 kwa dakika, jambo ambalo daktari analiona jema.

Shida ni chakula. Hunusa bakuli, akageuza uso, ingawa maji anakunywa mno kwa sababu ya hiyo dawa ya kukojoza. Nimejaribu wali wa moto kidogo na kuku asiye na chumvi, nikimlisha kwa mkono, lakini leo hula na kesho hususa. Dagaa wakavu, anaowapenda kupita kiasi, nimewaacha kwa kuhofia chumvi.

Je, aliyewahi kulea mbwa mwenye maradhi haya mawili kwa pamoja alimpikia nini? Na pimobendan, inayotakiwa kumezwa saa moja kabla ya kula, mnampaje mbwa anayetema kidonge kisichofichwa ndani ya nyama?