Friji ya sekondhandi Kisumu, nitume deposit kwanza?

MamaTwins: Jameni nisaidieni, nimeona friji mtandaoni 14,000, picha safi kabisa, muuzaji anasema yuko Milimani na anahama wikendi hii, sasa anataka nimtumie 3,000 kwa M-Pesa "anishikie" juu wengi wanaiulizia. Nitume ama?

FundiKondele: Usitume hata ndururu! Nenda mchana na mtu, uikute imezimwa na kompresa imepoa, iwashe mwenyewe ukae nusu saa hivi uone kama friza inashika baridi. Raba ya mlango nayo, fungia noti hapo, ikivutika tu kirahisi jua imeisha. Na ukiibeba kwa tuktuk ikiwa imelala usiichomeke papo hapo, isimame masaa kadhaa oili irudi kwa kompresa, watu huua friji nzima hapo halafu wanalaumu muuzaji.

Jirani_Nyalenda: Hata ukiuza chunga. Mimi niliuza meza, jamaa akanionyesha meseji ya M-Pesa kwa simu yake, kuangalia salio langu *334# hakuna kitu. Meza ilirudi ndani.

MamaTwins: Asanteni. Nimemwambia nakuja na fundi, ameniblok 😂