Mrejesho: Niliwaambia rafiki zake

Asalamu alaikum. Mtakumbuka niliuliza kama niwaambie rafiki wa utotoni wa mume wangu kwamba saratani yake ya umio (njia ya chakula kooni) imefika kwenye ini na madaktari wamesimamisha kemo (dawa za kuua saratani), ilhali mwenyewe kanikataza. Wengi mlisema niwaambie. Niliwaambia.

Alininunia siku mbili. Ya tatu wakaja wanne, wale waliocheza naye mpira Makadara, mmoja kavuka feri kutoka Likoni na madafu mkononi. Hakuna aliyelia. Walimwaga dhumna kitandani, wakaanza kubishana nani aliiba mpira wa shule mwaka 1987. Mume wangu, ambaye wiki nzima alikuwa kimya, akasema kwa sauti yake ya kukwaruza: "Mwizi ni wewe."

Sasa wamegawana zamu bila mimi kuomba. Mmoja humnyoa ndevu kila Alhamisi. Mwingine hukesha naye Jumamosi ili nami nilale; humpa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa nne, kidogo kidogo shavuni. (Mliouliza: naam, mofini hufunga choo. Muuguzi alitupa na dawa ya kulainisha.)

Chakula hakipiti, ni uji mwepesi tu, vijiko vitatu vinne. Nimeacha kumlazimisha. Hilo nilichelewa kulijua, na linaniuma.

Hapati nafuu, msidhani. Jana aliuliza nani atalipa deni lake la kahawa barazani. Shilingi mia mbili hivi. Wale wanne wakaligombania.