Jaji kafungulia SODA kisu changu cha bowie, halafu kanikata alama eti ncha ina pengo!

Fundi_Isevya (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Mliokuwepo leo pale chini ya mwembe mnajua namsema nani. Jina silitaji, halihitajiki, Tabora nzima inamjua. Ni yuleyule anayekohoa kwanza ndipo aongee, na hakuna shughuli mjini humu asiyojipa ujaji.

Kafungulia soda. Kisu changu. Kwa ncha.

Tulikubaliana shindano la kirafiki, kila fundi alete bowie moja aliyoifua kwa mkono, mshindi aondoke na mbuzi. Nikatafuta springi ya lori iliyobeba tumbaku ya Urambo mpaka ikachoka, nikaifua kwa nyundo, nikaiweka kwenye mkaa mpaka sumaku ikagoma kushika, nikaongeza moto kidogo, nikaizimisha kwenye oili ya moto. Mpini mninga. Kinga ya vidole shaba. Ala ya ngozi ya ng'ombe nimeishona mwenyewe, sindano imenitoboa vidole vyote.

Msiojua bowie: ni kisu cha Marekani, jina limetoka kwa Jim Bowie. Mwaka 1827 watu wawili walikwenda kupigana bastola kwenye fungu la mchanga Mto Mississippi, karibu na Natchez. Risasi zikakosa, wakapeana mikono, yakaisha. Waliowasindikiza, Bowie akiwemo, ndio wakavamiana! Bowie akapigwa risasi, akachomwa na upanga wa kwenye fimbo, na bado akamuua adui yake kwa kisu kikubwa. Alikuja kufa vitani kwenye ngome ya Alamo, Texas, mwaka 1836. Na katika vurugu zote hizo hakuna mtu aliyekosa adabu kiasi cha kukifungulia soda kile kisu!

Uzuri wa bowie uko kwenye ncha. Mgongo unakuja mnene, ukikaribia mwisho unakatwa kwa kupinda, ncha inabaki nyembamba na kali ili ichome. Nyembamba, wakuu. Pale ndipo nilipolala macho na tupa na msasa. Pale ndipo alipopachagua yeye kuwa kifungulio.

Nilibeba na kamba ya katani nikijua tutapima kistaarabu. Wenzetu wa American Bladesmith Society, chama cha wafua visu cha tangu 1976, fundi anayetahiniwa anakata kamba ya inchi moja inayoning'inia, pigo moja tu. Anakatakata mbao ya inchi mbili kwa nne mpaka iachane, mara mbili. Kisu hichohicho, bila kunolewa tena, kinyoe nywele za mkono. Mwisho kinabanwa kwenye vaisi na kupindwa nyuzi 90 kisikatike. Huo ndio ujaji! Kamba yangu imerudi nyumbani haijaguswa.

Yeye alikipokea, akakohoa, akasema "kizito", akamwita kijana wa soda. TK! Kifuniko kikaruka, mlio wake umesikika mpaka Kaliua. Akanywa. Nimesimama mbele yake, anakunywa! Akapangusa mdomo, akakigeuza kisu, akachukua kalamu: "Ncha ina pengo, toa tatu."

Pengo nani kalitia???

Mbuzi kaenda kwa kisu kilichochongwa kwa grinda kutoka kwenye msumeno wa mbao, mpini bomba la plastiki la maji lililoyeyushwa. Kinang'aa, ndiyo. Hata sufuria mpya inang'aa.

Tupa_Butu

Soda gani mkuu?

Fundi_Isevya

Sasa hilo ndilo swali???

Tupa_Butu

Ni muhimu. Vifuniko havilingani ugumu.

Kachoma_Juu

Nilikuwepo, nathibitisha. Alipoifungua povu likamwagika hadi kwenye ala. Fundi akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Mbuzi mwenyewe aligeuka kuangalia.

Mwana_Ujiji

Mwami, pole. Ila niambie, hicho kisu cha inchi kumi hapo Tabora ulitaka kumpiga nani? Bowie ni ya watu wa porini kwenye dubu. Dubu wa Isevya yuko mtaa gani? Sisi Kigoma kisu ni kidogo chembamba, kinaingia tumboni mwa samaki mgebuka kinatoka, kazi imeisha. Hayo mengine ni mapambo.

Fundi_Isevya

Mwana_Ujiji, ni shindano la bowie! Ungeleta kisu cha mgebuka ungeambiwa urudi stesheni. Hoja ni kwamba mtu kavunja ncha kwa mkono wake mwenyewe, kisha kaiandika kuwa kasoro yangu. Mbele ya watu. Kwa kalamu niliyomwazima mimi!

Mzee_wa_Nyundo

Kijana wangu, nisikilize bila hasira. Springi ikizimishwa kwenye oili inakuwa ngumu sana lakini inavunjika ovyo. Lazima uipashe tena moto mdogo ndipo itulie. Ncha iliyomeguka kwa kifuniko cha soda inanitia shaka. Uliipasha?

Fundi_Isevya

Shikamoo mzee. Niliipasha, tena mara mbili, kwenye oveni ya jirani anayeoka keki, nyuzi 200 hivi, mpaka chuma kikaingia unjano. Ungekipinda chote kwenye vaisi kingekubali. Lakini ncha ya bowie ni ya kuchoma, haikuumbwa kubanjua kitu kwa pembeni! Chukua ncha ya kisu chochote hapa duniani uibanjue hivyo, halafu urudi tuongee.

Mzee_wa_Nyundo

Marahaba. Oveni za keki nyuzi zake hazina uhakika. Ungetumia mchanga wa moto.

Jirani_wa_Keki

Samahani, oveni ni YANGU na nyuzi zake ni sahihi. Ila kuanzia siku ile keki zangu zinanuka oili chafu na wateja wananiuliza. Fundi, hilo mbona hujaliandika kwenye uzi wako?

Tupa_Butu

😂😂😂 Uzi umepata mwenyewe

Mchonga_Msumeno

Mimi ndiye mwenye mbuzi. Kuchonga kisu kwa kutoa chuma bila kukifua ni njia halali, hata huko Marekani mafundi wakubwa wanachonga. Chuma cha msumeno ni kizuri, kinashika makali. Na cha kwangu naye alikijaribu kwa soda, hakikumeguka. Tuache wivu.

Fundi_Isevya

Masharti yalisema KUFUA KWA MKONO. Yalisomwa kwa sauti! Tena wewe alikufungulia kwa mgongo wa kisu, mimi akafungulia kwa ncha. Nimeona kwa macho haya. Angetumia mgongo wangu angefungua kreti zima.

Kachoma_Juu

Hapo kweli, soda ya kwanza ilifunguliwa kwa mgongo. Ina maana alikunywa mbili.

Tupa_Butu

Na nani alilipa?

Kachoma_Juu

Nadhani zilitoka kwenye hela ya kiingilio.

Bibi_Asali

Mnashangaa visu? Huyohuyo aliwahi kuwa jaji wa asali. Nimeleta ya miombo, imekomaa, nzito, imetoka kwenye mzinga haina moshi. Akaonja. Akaonja tena. Akaomba mkate! Kafika katikati ya chupa ndipo akaandika "tamu kupita kiasi". Asali, wanangu, inakuwaje tamu kupita kiasi?

Mwana_Ujiji

Mama pole. Huku kwetu tuna wa aina yake, alijaji mapishi ya dagaa Kibirizi. Alimaliza sahani zote, akasema hajashiba kwa hiyo hakuna mshindi.

Fundi_Isevya

Jamani turudi kwenye mada. Ncha yangu.

Mkaa_Mgumu

Mimi shida yangu si majaji, ni springi. Zamani ulikuwa ukipita gereji unapewa moja bure. Sasa wanunuzi wa vyuma chakavu wanazoa zote kwa kilo, mhunzi ukienda unaambiwa zimeshapakiwa. Tutafua nini? Nondo? Nondo haishiki makali hata ukiiombea.

Mzee_wa_Nyundo

Hapo umesema jambo. Nondo nyingi ni chuma laini, izimishe utakavyo haigumu. Na wanaouza springi wanachanganya na zilizopasuka ndani. Unafua, unazimisha, unaona mstari mweusi unafunguka. Kazi yote imekufa.

Bibi_Asali

Na mizinga je? Wanakata miti yenye mizinga yangu wakachome mkaa. Mkaa huohuo mnaofulia visu vyenu.

Mkaa_Mgumu

Mama mimi wangu nanunua una kibali.

Bibi_Asali

Wote mnasema hivyo.

Fundi_Isevya

Hivi kuna mtu hapa ataniambia zile alama tatu zinarudishwaje? Nilizidiwa na mbili tu! Bila lile pengo mbuzi ni wangu. Nadai kurudiwa, na kamba, na mbao, na jaji mwingine.

Mchonga_Msumeno

Mbuzi tumeshamla.

Jirani_wa_Keki

Na hela ya kusafisha oveni?

Mwana_Ujiji

Mzee_wa_Nyundo, hiyo springi iliyopasuka nitaijuaje kabla sijailipia? Huku Mwanga naletewa moja ya basi, jamaa anaapa ni nzima.

Mzee_wa_Nyundo

Itundike kwa waya, igonge kwa nyundo ndogo. Nzima inalia kwa muda mrefu, iliyopasuka inalia kifupi na butu. Kisha pitisha mafuta ya taa, pangusa, paka chokaa. Mpasuko utajichora. Anataka shilingi ngapi?

Mwana_Ujiji

Anataka bei ya redio. Nakufuata inboksi mzee, nikupigie picha.

Mkaa_Mgumu

Ukiikataa niambie mimi, nitaifuata kwa treni.